Nguvu na Ujumbe: Jinsi Seli za Mwili Zinavyojibu Msukumo kwa Kemia

1. Utangulizi

Mtu aliyevunjika mguu akalazwa kitandani kwa muda wa miezi miwili hukuta jambo la kushangaza siku plasta inapoondolewa: mguu uliopumzishwa umekonda. Watu wa nyumbani humtuliza kwa kumwambia kwamba ni nyama tu iliyopungua, nayo itarudi akila vizuri. Lakini vipimo vya mionzi hufichua jambo la pili ambalo jicho haliwezi kuliona, nalo ni kwamba mfupa wenyewe umepungua uzito, hata katika sehemu zile ambazo hazikuvunjika. Chakula hakikukosekana, wala damu haikuacha kupita. Kilichokosekana ni mzigo.

Je, mfupa ulijuaje kwamba haubebi tena kitu? Nani aliupelekea habari hiyo, na kwa njia gani habari hiyo iligeuka kuwa kazi ya kubomoa? Maswali haya yanatuingiza katika uwanja mmoja wa elimu ya viumbe ambao umeendelea sana katika miaka ya karibuni, yaani uchunguzi wa namna seli zinavyopokea nguvu za kimwili, kama vile kuvutwa, kubonyezwa na kusuguliwa, kisha zikajibu kwa kutoa vitu vya kikemia vinavyopeleka ujumbe kwa seli nyingine.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jarida la taaluma ya Kiswahili lishughulikie jambo la namna hii. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, katika nchi yetu mwanafunzi wa utabibu au wa elimu ya viumbe hufundishwa kwa Kifaransa, lakini akishahitimu atakutana na mgonjwa anayesema Kiswahili, au lugha nyingine ya taifa, na atalazimika kumweleza kwa lugha hiyo kwa nini afanye hili na asifanye lile. Maelezo yakikosa maneno hugeuka kuwa amri tupu, na amri isiyoeleweka ni rahisi kupuuzwa. Pili, tunaamini kwamba lugha haithibitishi uwezo wake kwa kusifiwa, bali kwa kufanyishwa kazi. Makala haya basi ni jaribio la kuifanyisha Kiswahili kazi hiyo.

2. Maneno na maana zake

Kabla hatujaendelea, inafaa tukubaliane juu ya maneno machache. Kwa "seli" tunamaanisha sehemu ndogo kabisa ya kiumbe iliyo hai yenyewe. Wapo wanaopendelea kusema "chembe hai", nasi hatuna ugomvi nao. Ila neno "chembe" hutumika pia kwa vitu visivyo na uhai, kwa hiyo tumechagua "seli". Kila seli imezungukwa na "utando", yaani ngozi nyembamba ya mafuta na protini ambayo unene wake ni sehemu chache tu za milioni ya milimita. Utando huu ndio mpaka kati ya ndani na nje, na ndio mahali ambapo mambo mengi tutakayoyaeleza yanatukia.

Kuhusu nguvu zenyewe, Kiswahili kina utajiri ambao mara nyingi hatuuoni kwa sababu tumeuzoea. Mnyambuliko wa vitenzi vyetu unatenganisha tendo la nguvu na hali ya kitu kilichotendwa. Tunasema mtu "amevuta" kamba na kamba "imevutika". "Amebonya" debe na debe "limebonyea". "Ametanua" mfuko na mfuko "umetanuka". Mtaalamu wa fizikia huhitaji tofauti hiyo hiyo, maana kuna nguvu inayotoka nje na kuna badiliko la umbo linalotokea ndani ya kitu. Mambo haya mawili si mamoja. Seli haiwezi kupima nguvu moja kwa moja. Inachokipokea ni kubonyea kwake, kutanuka kwake au kuvutika kwake. Kwa hiyo kitenzi chenye "-ka" au "-ea" ya hali ndicho kinachosema ukweli wa jambo hili.

Tutazitaja nguvu za aina tatu: mvuto, ambao hutanua seli, mbonyeo, ambao huigandamiza, na msuguo wa mtiririko, ambao ni nguvu ya kioevu kinachopita juu ya seli kama maji ya mto yanavyokwaruza mawe ya kingoni.

Tunatoa tahadhari moja. Tukisema kwamba seli "inasikia", "inajibu" au "inapeleka ujumbe", tunatumia lugha ya mfano. Seli haina nia. Kila tendo tutakaloliita jibu ni mfuatano wa mabadiliko ya kimwili na ya kikemia, ambapo moja huleta jingine bila mtu wa kuamuru.

3. Mlango unaofunguliwa na nguvu

Hatua ya kwanza katika mfuatano huo ni kuigeuza nguvu iwe badiliko la kikemia. Kazi hiyo hufanywa na protini nyingi, lakini zinazoeleweka kwa urahisi zaidi ni zile zinazofanya kazi ya milango katika utando. Mlango wa namna hii ukiwa umefungwa, chembe zenye umeme ziitwazo ioni hazipiti; utando ukivutika, mlango hufunguka na ioni huingia.

Mfano wa kale kabisa tunaujua kutoka kwa bakteria. Bakteria anayeishi mahali penye chumvi nyingi, mvua ikanyesha ghafla, hujikuta katika maji matamu. Maji hayo humwingia kwa kasi, naye huvimba hata kukaribia kupasuka. Utando wake unapotanuka kupita kiasi, milango fulani hufunguka na kuachia vitu vilivyoyeyuka ndani yake, shinikizo likapungua, na bakteria akapona. Milango hiyo iligunduliwa katika miaka ya 1980.

Kwa wanyama wenye uti wa mgongo utafutaji ulichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 2010 Bertrand Coste na Ardem Patapoutian, pamoja na wenzao huko California nchini Marekani, walitangaza kwamba wameipata protini waliyokuwa wakiisaka. Njia yao ilikuwa nyepesi kueleza, ingawa ilikuwa ya kuchosha kuitekeleza. Walichukua aina ya seli za panya ambazo zilitoa mkondo mdogo wa umeme kila zilipodukuliwa kwa ncha ya bomba jembamba la kioo. Kisha wakaorodhesha jeni 72 ambazo huenda mojawapo ndiyo yenye siri, wakazinyamazisha moja baada ya moja, na kila mara wakaidukua seli tena. Ilipopatikana jeni ambayo kunyamazishwa kwake kuliifanya seli isijibu tena, swali lilikuwa limejibiwa. Protini hiyo waliiita Piezo1, kutokana na neno la Kigiriki linalomaanisha mbinyo, na ndugu yake wakaiita Piezo2. Patapoutian, ambaye alizaliwa Beirut nchini Lebanoni mwaka 1967, alipata tuzo ya Nobel ya utabibu mwaka 2021 pamoja na David Julius, aliyechunguza namna mwili unavyohisi joto.

Umbo la Piezo1 linasaidia kueleza kazi yake. Protini tatu zinazofanana huungana pamoja, kila moja ikiwa na mkono mrefu, hata zote zikafanana na pangaboi yenye mapanga matatu. Mapanga hayo hayakulala sawa. Yamepinda na kuufanya utando ubonyee kama bakuli. Utando ukivutwa, bakuli hulazimika kunyooka, na kunyooka kwake hufungua tundu la katikati.

Kinachoingia kwa wingi wa maana ni ioni za kalsiamu. Nje ya seli kiasi cha kalsiamu kinazidi kile kilicho huru ndani yake takriban mara elfu kumi. Mlango ukifunguka hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kiasi cha ndani hupanda ghafla. Protini nyingi za seli zimeumbwa kwa namna ambayo kalsiamu ikizishika zinaanza kazi. Hapo ndipo nguvu imekwisha kugeuka kuwa kemia.

4. Bitana ya mshipa wa damu

Tuanze na mfano uliochunguzwa kuliko yote. Mishipa yote ya damu imefunikwa kwa ndani na tabaka moja la seli bapa zilizopangwa kama vigae vya sakafu. Wataalamu huliita tabaka hilo endotheli. Sisi tunaweza kuliita bitana, kwa kuwa linakaa ndani ya mshipa kama bitana inavyokaa ndani ya koti. Kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa ni karatasi tu ya kuzuia damu isivuje.

Dhana hiyo ilianguka kutokana na uchunguzi wa Robert Furchgott mjini New York. Alikuwa akichunguza vipande vya mshipa mkuu wa sungura, na matokeo yake yalipingana: dawa moja, asetilikolini, iliufanya mshipa mara kulegea na mara kukaza. Baadaye alitambua sababu. Vile vipande vilivyokaza vilikuwa vimesuguliwa kwa ndani wakati wa kutayarishwa, na bitana ilikuwa imetoka. Vile vilivyolegea bado vilikuwa na bitana. Mwaka 1980 Furchgott na John Zawadzki walieleza kwamba bitana hutoa kitu fulani ambacho husafiri hadi kwenye misuli ya ukuta wa mshipa na kuilegeza. Kitu hicho kilitambuliwa mwaka 1987 kuwa ni gesi, monoksidi ya nitrojeni, yenye atomu mbili tu katika kila molekuli yake. Mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Hapa historia ina kejeli yake: Murad alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1970 kwamba nitrogliserini huwasaidia wagonjwa wa moyo kwa kutoa gesi hiyo hiyo, nayo nitrogliserini ndiyo iliyomtajirisha Alfred Nobel kwa baruti, na ndiyo aliyoandikiwa na waganga kama dawa ya moyo kabla hajafa mwaka 1896.

Asetilikolini ilikuwa dawa iliyotiwa na mchunguzi. Katika mwili wa mtu anayetembea, kinachoiamsha bitana hasa ni damu yenyewe inapoisugua. Nguvu ya msuguo huo katika ateri ni kati ya paskali 1 na 7 hivi. Ili tuone udogo wake, tufikirie karatasi moja ya kuandikia iliyolala juu ya meza: uzito wake huibonyeza meza kwa paskali 0.8 hivi. Basi msuguo unaozungumzwa hapa ni kama uzito wa karatasi moja hadi tisa. Wakati huo huo presha ya damu, ile inayopimwa kwa kufunga mkono, hufikia paskali 16 000 kila moyo unapopiga. Seli za bitana huutambua msuguo ulio mdogo mara maelfu kuliko presha, kwa sababu msuguo huzikokota kuelekea upande mmoja, na si kuzigandamiza tu ukutani.

Mfuatano wenyewe, kama ulivyofafanuliwa kwa uchunguzi wa panya katika miaka ya 2010, ni huu. Damu inapoongeza mwendo, Piezo1 hufunguka na kalsiamu huingia. Seli hutoa nje molekuli za ATP, ambazo tutazieleza katika sehemu ifuatayo. ATP hiyo hurudi kugusa kipokezi kilicho juu ya seli ile ile au ya jirani. Kipokezi huamsha mlolongo wa protini ambao mwisho wake ni kuanza kwa kimeng'enya kinachotengeneza monoksidi ya nitrojeni. Gesi hupenya utando bila kuhitaji mlango, hufika kwenye misuli, misuli hulegea, mshipa hupanuka, na msuguo hupungua. Panya waliokomaa walioondolewa Piezo1 katika bitana yao walipatwa na presha ya juu. Gesi yenyewe hudumu sekunde chache tu, na kwa hiyo ujumbe wake hauendi mbali wala haukawii kufutika.

Mambo mawili yanafuata kutoka hapo. La kwanza ni kwamba mwendo wa mwili huilisha mishipa: misuli ya miguu inapofanya kazi, damu huenda kasi, bitana husuguliwa, na mishipa hupanuka. La pili ni kwamba mahali ambapo mshipa hugawanyika au hupinda, mtiririko huvurugika na kurudi nyuma, msuguo hupungua au hubadilika-badilika, na hapo ndipo mafuta huelekea zaidi kujikusanya na kuziba njia. Maradhi hayo basi hayapangwi na damu yenye mafuta peke yake. Yanapangwa pia na umbo la mto.

5. Namna ujumbe unavyotoka: ATP na kibofu

Adenosini trifosfati, ambayo kwa kifupi huandikwa ATP, inajulikana na kila mwanafunzi kuwa ni sarafu ya nishati ndani ya seli. Kwa hiyo Geoffrey Burnstock, aliyezaliwa London mwaka 1929 na kufanya kazi Australia na baadaye Uingereza, alipotangaza mwaka 1972 kwamba sarafu hiyo hutumika pia nje ya seli kama ujumbe wa neva, wengi walimcheka. Seli gani itupe nje mali yake ya thamani? Lakini hoja ilikuwa na msingi. Ndani ya seli ATP ni nyingi, na nje ni kidogo sana, na tofauti hiyo inaweza kufikia mara milioni. Upungufu mdogo usiohisiwa ndani huwa kelele kubwa nje. Tena nje kuna vimeng'enya vinavyoivunja upesi, hivyo ujumbe haubaki ukining'inia. Burnstock aliishi kuona dai lake likikubaliwa na vipokezi vya ATP vikitambuliwa. Alifariki mwaka 2020.

Kibofu cha mkojo kinatupa mfano ulio wazi. Kibofu kinapojaa, ukuta wake hutanuka. Mwaka 1997 ilionyeshwa katika kibofu cha sungura kwamba seli za ndani zikitanuliwa hutoa ATP. Chini ya seli hizo kuna ncha za neva zenye kipokezi kiitwacho P2X3. Mwaka 2000 ilionekana kwamba panya wasio na kipokezi hicho hukawia kukojoa na kibofu chao hujaa kupita kawaida. Basi ile haja tunayoihisi si neva iliyovutwa tu. Ni neva iliyopashwa habari na seli jirani. Mwaka 1999 Burnstock alipanua wazo hilo kwa viungo vyote vilivyo kama mifereji na mifuko, kama vile utumbo, mkondo wa figo na njia ya nyongo.

Tunaweza sasa kujumlisha njia ambazo ujumbe hutokea. Njia ya kwanza ni ya vifuko: kemikali huwa imefungwa ndani ya vifuko vidogo, kalsiamu ikipanda vifuko hivyo huungana na utando na kumwaga kilichomo. Ndivyo seli fulani za utumbo zinavyomwaga serotonini zinapobonyezwa na chakula kinachopita. Njia ya pili ni ya milango mipana, ambayo huiachia ATP ipite yenyewe. Njia ya tatu ni ya gesi na mafuta ambayo hutengenezwa papo hapo na kupenya utando. Njia ya nne ni tofauti na zote: ujumbe umekwisha kutolewa zamani na kuwekwa nje ya seli ukiwa umefungwa ndani ya ala ya protini, na seli huivuta ala hiyo kwa nguvu zake hadi ifunguke. Ndivyo inavyoachiliwa protini ya ukuaji iitwayo TGF-beta, ambayo ina sehemu kubwa katika kupona kwa vidonda na katika kovu.

6. Mfupa na mzigo

Turudi sasa kwa mgonjwa wetu wa kitandani. Mwaka 1892 daktari Julius Wolff wa Berlin alichapisha kitabu ambamo alidai kwamba mfupa hujijenga kulingana na mizigo unayobeba. Dai lake lilikuwa sahihi kwa jumla, ila hakuweza kusema ni nani ndani ya mfupa anayepima mzigo.

Jibu tunalo leo. Zaidi ya seli tisa katika kila kumi za mfupa mkavu wa mtu mzima ni osteositi, yaani seli zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe. Kila moja imekaa katika kishimo chake, ikinyoosha mikono mirefu kupitia vijifereji hadi kuwagusa majirani. Vijifereji vimejaa kioevu. Mtu akikanyaga chini, mfupa hupinda kidogo sana, kioevu husukumwa kutoka upande uliobonyea kwenda upande uliotanuka, na mikono ya osteositi husuguliwa. Seli hizo hutoa ATP, monoksidi ya nitrojeni na prostaglandini, ambazo huwachochea wajenzi wa mfupa.

Lakini ujumbe muhimu kuliko wote ni ule wa kinyume. Osteositi hutoa protini iitwayo sklerostini, ambayo kazi yake ni kuwazuia wajenzi. Mfupa ukibeba mzigo, sklerostini hupungua na ujenzi huendelea. Mzigo ukikosekana, sklerostini huongezeka na ujenzi husimama, huku wabomoaji wakiendelea na kazi yao. Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu. Kimya cha mguu uliolala hakimaanishi kwamba hakuna ujumbe. Ni ujumbe wa kusimamisha kazi.

Habari ya sklerostini ina mizizi katika bara letu. Katika jamii ya Waafrikaner wa Afrika Kusini upo ugonjwa wa kurithi ambao mifupa ya wagonjwa wake hunenepa bila kikomo, hata ikabana neva za uso na za masikio. Mwaka 2001 ilijulikana kwamba jeni yao ya sklerostini imeharibika: breki haipo. Kutokana na ujuzi huo ilitengenezwa dawa inayoizuia sklerostini kwa wazee wenye mifupa dhaifu, nayo iliidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2019. Upande wa pili, wanaanga wanaoishi miezi mingi bila uzito hupoteza katika mifupa ya nyonga takriban asilimia 1 hadi 1.5 kila mwezi, na kwa sababu hiyo hulazimika kufanya mazoezi mazito kila siku.

7. Moyo na damu

Moyo nao si pampu tu. Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake huko Kanada waliwadunga panya maji yaliyokamuliwa kutoka vyumba vya juu vya moyo, na panya hao wakaanza upesi kukojoa maji na chumvi kwa wingi. Ndivyo ilivyogunduliwa homoni ya moyo. Damu ikizidi, vyumba hivyo hutanuka. Vikitanuka, seli zao humwaga homoni hiyo. Figo hutoa chumvi na maji. Damu hupungua na vyumba hurudi katika hali yake. Daktari anayepima leo homoni ya jamii hiyo katika damu ya mgonjwa anayeshindwa kupumua, anasoma barua ambayo moyo wenyewe umeiandika juu ya kutanuka kwake.

Hata seli nyekundu ya damu, ambayo haina kiini, hushiriki. Ikipenya kapilari nyembamba kuliko yenyewe hukunjika, na katika kukunjika huko hutoa ATP. Piezo1 imo katika utando wake. Mwaka 2018 kikundi cha Patapoutian kilieleza badiliko moja la jeni hiyo, liitwalo E756del, linalopatikana kwa takriban theluthi moja ya watu wenye asili ya Kiafrika. Badiliko hilo huufanya mlango ukawie kufunga, seli hupoteza maji, na katika maabara kimelea cha malaria huingia ndani yake kwa shida. Panya waliopewa mlango wa namna hiyo walikingwa na malaria ya ubongo. Je, na binadamu pia hukingwa? Uchunguzi wa Gaboni uliochapishwa mwaka 2020 ulijibu ndiyo. Uchunguzi mkubwa wa Ghana uliochapishwa mwaka 2022 ulijibu hapana. Kwa nchi yetu, ambayo kwa wingi wa malaria inatanguliwa na Nijeria peke yake, swali hilo si la kujifurahisha, na lingestahili kuulizwa pia katika maabara zetu.

8. Hitimisho

Tumeona mshipa, kibofu, mfupa, moyo na damu. Viungo hivi havifanani, lakini mpango wao ni mmoja: nguvu hubadili umbo, umbo hufungua mlango, mlango huachilia kalsiamu au hutikisa protini nyingine, na mwisho wake seli hutoa kemikali inayowaambia majirani, au mwili mzima, jambo lililotokea. Karibu kila mara jibu hilo hurudi kuipunguza ile nguvu iliyolianzisha, kama mshipa unaopanuka au moyo unaotoa chumvi.

Tulianza na mgonjwa, na kwake tunamalizia. Katika hospitali zetu anayekaa kando ya kitanda kwa kawaida ni mama, dada au mjomba wa mgonjwa. Yeye ndiye anayepika, anayemgeuza na anayemlinda. Muuguzi akimwambia kwamba mgonjwa aketi, asimame au atembee kwa kiasi alichoruhusiwa na daktari, mlinzi huyo huona ni ukatili, kwa kuwa kwake mapumziko ndiyo dawa. Haitoshi kumkemea. Lakini akielezwa kwa Kiswahili kwamba mfupa usiobeba hupokea amri ya kujipunguza, na kwamba mshipa usiosuguliwa na damu haupati ile hewa inayoulegeza, atakuwa amepewa sababu, naye mwenyewe atamshika mgonjwa mkono na kumwinua.

Maneno ya kumweleza hayo yote tumeyakuta ndani ya lugha: bitana, mlango, mzigo, kubonyea, kutanuka. Machache tu yalikopwa, nayo yamekaa vizuri katika ngeli zetu. Tunawaalika wenzetu wa vitivo vya utabibu na vya sayansi wayasahihishe, wayaongeze na, zaidi ya yote, wayatumie.